Sheria Chache, Zawadi Ndogo, Siku Yenye Mpango

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Thika na Ruiru)



Leo hatutazungumza juu ya mikopo wala kuku wa mayai. Tutazungumza juu ya darasa. Tunajua wengine wenu mnajiuliza: kwani darasa si kazi ya mwalimu? Lakini hebu tuulizane. Mfereji ukikauka mtaani, kikundi kinakutana. Mwanachama akifiwa, tunachanga. Basi mtoto wa miaka kumi na mmoja akiacha shule, mbona tunamwachia mama yake peke yake? Baada ya miaka michache mtoto huyo atakuwa pale steji bila kazi, na shida yake itatufikia sote.

Tunasema hasa juu ya watoto wa gredi ya 4, 5 na 6. Hawa si wadogo wa kushikwa mkono, wala hawajawa vijana. Ni umri wa kupima haki. Mtoto wa umri huu anaangalia: fulani alichelewa akaachwa, mimi nimeadhibiwa, kwa nini? Akiona haki, atatii hata mwalimu akiwa ofisini. Akiona hila, atajifunza hila.

HALI YETU

Thika ni mji wa viwanda, na karibu yake kuna mashamba makubwa ya mananasi. Ruiru ilijulikana kwa kahawa. Sasa mashamba mengi yamekatwa ploti na nyumba za kupanga zimejaa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto walifurika madarasani kuliko walimu waliokuwapo. Mwaka wa 2023 gredi ya 7 nayo ikawekwa katika shule za msingi, nafasi ikazidi kubanana.

Nyumbani nako tunajua. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani au kuchuma kahawa. Baba amepanda matatu kwenda Nairobi. Mtoto anajiamsha, anajitafutia chai, anafunga mlango na kuvaa ufunguo shingoni. Huyo ndiye mtoto anayefika mbele ya mwalimu.

KIBOKO KIMEONDOKA. TUMEWEKA NINI MAHALI PAKE?

Serikali iliondoa viboko shuleni mwaka wa 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu asipewe adhabu ya kupigwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na pia kumtesa mwanafunzi akili. Anayeivunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili.

Hata hivyo, tukitembelea vikundi tunasikia mzazi akisema: "Mwalimu, mchape tu, mimi nimekuruhusu." Mzazi hana ruhusa hiyo ya kutoa. Wengine wanataja methali, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja siyo kuvunja.

Pamoja na hayo, wazazi hawa wana swali la maana. Mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake atawatulizaje? Jibu letu lina sehemu tatu.

1. SHERIA

Sheria ziwe chache, nne au tano, ili kila mtoto azikumbuke bila kusoma ukutani. Ziseme jambo la kufanya. Ukimwambia mtoto "usipige kelele", hujamwambia afanye nini. Ukimwambia "mmoja akisema, wengine tunasikiliza", ameelewa. Hizi hapa kwa mfano:

- Tunafika kwa wakati.
- Mmoja akisema, wengine tunasikiliza.
- Tunatunza vitabu, madawati na choo chetu.
- Hatumpigi mwenzetu wala kumcheka.
- Anayeharibu, anatengeneza.

Watoto wenyewe wasaidie kuzitunga wiki ya kwanza ya muhula, ziandikwe kwenye karatasi ya manila. Kisha mwalimu azifundishe kama anavyofundisha hesabu: anaonyesha, watoto wanajaribu, wanarudia. Na adhabu ifuate kosa. Aliyetupa taka aokote. Aliyelegeza dawati asaidie kulipiga misumari. Kumpigisha mtoto magoti kwenye jua hakutengenezi dawati.

Tujihadhari na sheria zinazofundisha ubaya. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti yetu hii ya Kiambu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi shule ya siku za ukoloni ilivyowaadhibu watoto waliosema Kikuyu. Kifungo cha shati kilipewa mtoto mmoja, naye akampa yeyote aliyemsikia akisema lugha ya nyumbani, na huyo akampa mwingine. Jioni aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, na huyo akamtaja wake, mpaka wote wakajulikana. Ngũgĩ aliona kwamba watoto walikuwa wakifundishwa kuwasaliti watu wao.

Sasa tuangalie ile orodha ya wapiga kelele ambayo monita anaandika mwalimu akitoka. Haina tofauti kubwa. Monita anamwandika adui yake, na anamfuta aliyempa mandazi. Ni afadhali monita apewe kazi ya kugawa vitabu na kufuta ubao, na kazi hiyo izunguke kila wiki.

Tena sheria iwe na masikio. Tunamjua mvulana mmoja wa gredi ya 6, upande wa Ruiru, aliyechelewa karibu kila siku. Sheria ya shule ilikuwa anayechelewa abaki nje ya geti mpaka saa nne. Hakuna aliyemwuliza sababu. Sababu ilikuwa dada yake mdogo: mama alitoka alfajiri, na mvulana alipaswa kumpeleka mtoto chekechea, ambayo ilifunguliwa saa mbili. Alichoka kusimama getini. Akafuatana na rafiki yake mpaka machimbo ya mawe ya Ndarugo, wakawa wanapakia mawe kwenye lori. Mama alijua baada ya majuma matatu. Alipoeleza katika kikundi chake, wanachama wawili walisema, "Huyo mdogo tutampeleka sisi kwa zamu." Mwalimu alikubali, mvulana akarudi. Rafiki yake hakurudi, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kikundi.

2. ZAWADI

Siku ya kufunga shule tunaona sufuria na thamosi mezani. Anaitwa namba moja, namba mbili, namba tatu. Wengine wote wanapiga makofi na kwenda nyumbani mikono mitupu, na muhula ujao wanaitwa walewale watatu. Je, aliyetoka namba hamsini mpaka namba thelathini hakufanya kazi? Kwa hiyo zawadi ziangalie pia juhudi: aliyefika kila siku, aliyeongeza alama, aliyemfundisha mwenzake kusoma.

Zawadi ina hatari yake. Mwaka wa 1973 wataalamu watatu huko Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao na watoto wa chekechea waliopenda sana kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti kizuri kama watachora. Kundi la pili walipewa cheti bila kuahidiwa, na la tatu hawakupewa kitu. Baadaye wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wengine wote. Walikuwa wameanza kuona kuchora ni kibarua. Basi mtoto anayependa kusoma tusimnunue kwa peremende. Tumsifu, tumwambie hasa alichofanya vizuri, tumpe kitabu kingine.

Jaribio lingine la Marekani, la mwaka 1969, lilifanywa katika darasa la nne. Mwalimu aligawa darasa timu mbili. Kila mtoto alipovunja sheria, timu yake ilipata alama ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na kama zote mbili zilikuwa na alama chache, zote zilishinda. Zawadi zilikuwa kama kutangulia kwenye mstari wa chakula na kupata muda wa ziada wa kufanya wanachopenda. Fujo ilipungua sana. Mchezo huu unahitaji chaki tu, na watoto wanakumbushana wenyewe. Ila mwalimu aangalie timu isimwonee mtoto mmoja.

3. MPANGO WA SIKU

Mtoto asiyejua kinachofuata hujitafutia kazi, na mara nyingi kazi hiyo ni fujo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule za kutwa zifundishe kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo. Mtoto asilazimishwe kufika kabla ya saa moja na robo. Wazazi wanaodai masomo ya alfajiri gizani wajue hivyo.

Ndani ya saa hizo, mambo madogo yawe na njia moja kila siku. Watoto wakiingia, wakute hesabu tatu ubaoni waanze bila kungoja. Vitabu vigawiwe safu kwa safu. Mwalimu akiinua mkono, kila mmoja anainua wake na kunyamaza, bila mwalimu kupaza sauti. Dakika kumi za mwisho ni za kufagia, kuandika kazi ya nyumbani na kuagana. Kwa siku chache za kwanza watoto watasahau. Warudie mpaka wazoee.

Nyumbani pia tuwe na mpango. Sare na vitabu viwekwe tayari jioni. Kazi ya shule ifanywe kabla giza halijaingia, hasa pale ambapo taa ni shida. Mtoto awe na kazi zake, kama kuosha vyombo au kuteka maji, lakini zijulikane na ziwe na mwisho. Na mzazi, hata kama amechoka, aulize swali moja: leo umejifunza nini?

KAZI YA KIKUNDI

Mababu zetu wa hapa walikuwa na ngwatio, kulimiana mashamba kwa zamu. Tunaweza kufanya hivyo kwa watoto:

- Tupange zamu ya kuwapeleka wadogo chekechea, ili wakubwa wasichelewe.
- Tuchange saa ya ukutani na karatasi za manila kwa madarasa yetu.
- Tutafute chumba kimoja chenye taa, watoto wasomee jioni wakiwa na mtu mzima.
- Tutume wawakilishi wawili kwenye mkutano wa wazazi, waulize sheria za shule ni zipi na ni nani aliyezitunga.
- Mtoto akikosa shule siku tatu, mtu wa kikundi apite nyumbani kwao, hata kama mzazi wake si mwanachama.

Hilo la mwisho tunaliomba kwa namna ya pekee.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu ni watoto wangapi wa gredi ya 4 hadi 6 ambao hawaendi shule? Tuwataje bila kuwahukumu.
2. Watoto wetu wanachelewa kwa sababu gani? Ni sababu ipi tunaweza kuiondoa mwezi huu?
3. Nani atakwenda kuzungumza na mwalimu, na lini?