Kutoka Wazo Hata Filamu: Habari ya Bwana Flaherty na Filamu ya Nanook



Watu wengi wanalo wazo la kutengeneza filamu ya mambo ya kweli. Mmoja ataka kuwaonyesha wavuvi wa kwao, mwingine wahunzi, mwingine maisha ya bibi yake aliyelima shamba moja tangu ujana wake. Mawazo hayo ni mema, lakini mengi hayafiki mbali. Hukaa daftarini, au huishia katika vipande vya picha visivyoungana. Kwa sababu hiyo yafaa kuitazama habari ya filamu moja mashuhuri, iitwayo "Nanook of the North", ambayo safari yake kutoka wazo mpaka ukumbi wa sinema ilichukua miaka tisa.

Robert Flaherty alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1884. Hakuwa mtu wa sinema. Kazi yake ilikuwa kutafuta mawe ya chuma katika nchi za baridi kali za kaskazini ya Canada, kando ya Hudson Bay, naye alitumwa na Sir William Mackenzie, tajiri aliyejenga reli. Mwaka 1913 tajiri huyo alimshauri achukue kamera ya sinema katika safari zake. Flaherty akanunua kamera, akajifunza kuitumia kwa majuma matatu tu, kisha akaenda zake. Katika miaka iliyofuata alipiga picha nyingi za Wainuit, wenyeji wa nchi ile, ambao siku hizo wageni waliwaita Waeskimo.

Mwaka 1916, akiwa Toronto katika kazi ya kukata na kuunga picha zake, sigara iliangukia mikanda. Mikanda ya zamani hizo iliwaka upesi mno. Futi 30,000 hivi zikateketea, naye mwenyewe akaungua. Ilisalia nakala moja tu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kilichomfaa Flaherty si ushupavu peke yake. Aliionyesha ile nakala kwa watu, akaketi pamoja nao akiitazama, akatambua jambo zito kuliko moto: filamu yenyewe haikuwa njema. Ilikuwa picha ya hapa na picha ya pale, bila uzi wa kuzifunga pamoja. Mtazamaji aliiona nchi, asikutane na mtu. Ndipo yeye na mkewe Frances walipokata shauri kwamba filamu mpya imfuate mtu mmoja na jamaa yake katika kutafuta riziki mwaka mzima.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa hasa. "Maisha ya Wainuit" ni jina la habari tu. "Mtu huyu atawalishaje watoto wake katika nchi isiyoota kitu?" ni swali, na mtu akisikia swali hungoja jibu. Mwenye kutaka kutengeneza filamu na ajipime hapo kwanza. Ikiwa hawezi kulisema jambo lake kwa sentensi moja, yenye mtu ndani yake na haja ya mtu huyo, basi wazo bado halijaiva.

Jambo la pili ni fedha. Flaherty alizitafuta kwa muda wa miaka minne. Mwishowe, mwaka 1920, kampuni ya Revillon Frères, iliyofanya biashara ya ngozi za manyoya, ikakubali kumgharimia. Kampuni haikutoa fedha kwa huruma. Filamu ile ingelitangaza jina lake. Basi anayeomba msaada na afikiri yule mtoaji atapata nini kwa haki, tena aandike hesabu kamili: safari, vyombo, chakula, mishahara, na ile kazi ndefu inayofuata baada ya kamera kufungwa. Wengi hutumia fedha zote katika kupiga picha, wasibakiwe na kitu cha kuzimaliza.

Mwezi wa Agosti 1920 Flaherty alifika Port Harrison, mji ambao leo huitwa Inukjuak. Alichukua kamera mbili, futi 75,000 za mkanda, mashine ya umeme, na vyombo vya kusafishia na kuonyeshea picha. Hakutaka kungoja mpaka arudi mjini ndipo ajue kama picha zimetoka. Wainuit wenyewe walikuwa mafundi wake. Walitoboa barafu nene kupata maji ya kuoshea mikanda, wakayabeba kwa magari ya mbwa, wakajifunza kuzitengeneza kamera zilipoharibika. Nuru ya mashine ilipoonekana kuwa haitulii, Flaherty aliziba dirisha, akaacha tundu dogo, akatumia mwanga wa jua kutoa nakala.

Picha za kuwinda mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu kama ya ndovu zilipokuwa tayari, aliwaalika wenyeji kuzitazama. Walimwona mwenzao akishindana na mnyama, wakamsahau mwonyeshaji, wakapiga kelele kumhimiza asilegeze kamba! Tangu siku hiyo walielewa kinachotafutwa, wakaleta mashauri yao wenyewe. Hili ni funzo kubwa. Anayepigwa picha akionyeshwa kazi mapema huwa mshiriki, wala si kitu cha kutazamwa tu.

Si kila jambo lilifaulu. Walisafiri karibu miezi miwili wakimtafuta dubu, wakarudi mikono mitupu. Kazi ya namna hii yataka mtu mwenye kuvumilia hasara na kuendelea na yaliyopo.

Hata hivyo, kuna upande mwingine usiofaa kufichwa. Nyumba ya theluji ilikuwa ndogo na yenye giza, kwa hiyo ilijengwa kubwa zaidi, kisha nusu yake ikakatwa ili nuru iingie. Labda hilo lasameheka. Lakini mtu aitwaye Nanook jina lake la kweli lilikuwa Allakariallak, na wale walioonyeshwa kuwa jamaa yake hawakuwa jamaa yake hasa. Wawindaji walitakiwa kutumia silaha za mababu zao, hali wakati huo bunduki zilikwisha kuwa kitu cha kawaida kwao. Tena alionyeshwa akistaajabia santuri na kuiuma kama kwamba hajapata kuiona, na watazamaji wa mbali wakacheka. Allakariallak alifariki dunia miaka michache baada ya filamu kupigwa. Uso wake ulijulikana katika nchi nyingi; jina lake halikujulikana.

Basi kabla ya kufungua kamera, yapasa mtengenezaji ajiulize kama yule anayepigwa picha angekubali kuketi ukumbini na kusema, "Naam, huyu ni mimi." Ikiwa jambo limeigizwa, mtazamaji aambiwe. Filamu ya uongo kidogo yaweza kupendeza, lakini deni lake humwangukia mtu asiye na kamera.

Mwaka 1921 Flaherty alirudi akazipanga picha zake. Kampuni ya Paramount ilikataa filamu hiyo, Pathé ikaipokea. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 11 Juni 1922, watu wakaipenda mno, na mwaka 1989 ikawekwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani.

Leo hata simu ya mfukoni hupiga picha za sinema. Mashine ya umeme na maji ya barafu havihitajiki. Lakini yale yaliyomchukua Flaherty miaka tisa hayajapungua: kumchagua mtu mmoja, kujua swali lake, kupata gharama kwa njia ya haki, kukubali kuanza upya, na kulipa jina la mtu heshima yake. Mwenye wazo na aanze kwa kwenda kuketi na yule anayetaka kumpiga picha, kamera ikiwa bado mkobani.