Pumu, Tangawizi na Moshi wa Jikoni

Msikilizaji, mwenye pumu hapa Mwello hakosi washauri: tangawizi na asali, mafuta ya mkaratusi, mazoezi ya kupumua. Sina ugomvi na tangawizi. Chai yake hulainisha koo. Ila haifungui kifua kilichobana saa nane za usiku.

Mazoezi nayaheshimu zaidi. Aina moja aliibuni Daktari Konstantin Buteyko katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950: kupumua polepole, kwa pua. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya dalili, ingawa nguvu ya mapafu haiongezeki sana.

Lakini tazama jikoni. Moshi wa malori yanayopanga foleni mpakani Malaba na Busia huwezi kuufukuza, ila wa jikoni unaweza kuupunguza. Mafiga unaweza kuyatoa nje, na kuni ukazianika zikauke kabisa. Mtoto mwenye pumu naye asikae mgongoni mwa mama anayepuliza moto.

Na dawa? Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haushauri tena mtu mzima kutegemea inhela ya salbutamoli peke yake. Inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa ni ile yenye steroidi, na hiyo ndiyo wengi huiacha kabatini wakishajiona wamepona.