Sauti Moja Kutoka Mahali Pamoja

Hotuba juu ya spika za ubao wazi, iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka



Nimetakiwa niseme machache juu ya spika za nyumbani, hasa zile zinazofungwa kwenye ubao mtupu pasipo sanduku, na juu ya kutumia katika ubao huo spika ya koaksiali. Najua wengine wenu mnangojea mpira wa alasiri, kwa hiyo sitawachosha. Lakini jambo lenyewe ni somo la mawimbi mnalosoma darasani, nalo linagusa mfuko wa kila mwenye nyumba.

Tuanze na swali. Kwa nini spika huwekwa ndani ya sanduku? Koni ya spika ikisukumwa mbele, hewa iliyo mbele yake hubanwa, na wakati ule ule hewa iliyo nyuma hulegezwa. Kwa hiyo kila spika hutoa sauti mbili, ya mbele na ya nyuma, nazo ni kinyume. Sauti ya nyuma ikizunguka ukingo na kuikuta ya mbele, huvunjana. Sauti nene ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Uzi mnene kabisa wa gita la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 hivi. Wimbi kama hilo halioni taabu kuzunguka ubao.

Sanduku huifungia sauti ya nyuma isitoke. Lakini sanduku nalo huleta yake. Mbao zake hutetemeka, na sauti iliyofungiwa ndani hugonga kuta na kurudi kupitia koni ile ile. Ndiyo maana spika nyingi za bei nafuu husema kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa.

Wazee wenzangu mtazikumbuka redio za valvu. Mgongo wake ulikuwa kadibodi yenye matundu, ili joto la valvu lipate kutoka. Kwa fizikia, sanduku lile lilikuwa ubao uliokunjwa pande zote huku nyuma pakiwa wazi. Besi yake ilikuwa haba, lakini sauti ya msoma habari ilikuwa nyepesi, haina mvumo wa pipa. Watu walikuwa wakisikia kila neno.

Njia hiyo haikufa. Koni inayosukumwa na koili ndani ya sumaku, kama tunayoitumia leo, ilielezwa na Rice na Kellogg huko Marekani mwaka 1925. Mwaka 1957 kampuni ya Quad ya Uingereza ilitoa spika bapa isiyo na sanduku, inayofanya kazi kwa umeme tuli, nayo husifiwa mpaka leo kwa jinsi inavyotoa sauti ya binadamu. Baadaye Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka 2018, alionyesha kwa hesabu na kwa vitendo kwamba hata spika za koni za kawaida zaweza kufanya kazi nzuri bila sanduku, mradi mtengenezaji ajue anachopoteza.

Basi tupime tunachopoteza. Chukua ubao wenye upana wa sentimita 60, spika ikiwa katikati. Sauti ya nyuma ina sentimita 30 za kusafiri mpaka ukingoni kabla haijaja mbele. Mwendo wa sauti hewani ni mita 340 hivi kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa mara sita ya umbali ule, utapata hezi 190 hivi. Chini ya hapo ubao huanza kupoteza: kila masafa yakipungua nusu, kanieneo la sauti nalo hupungua nusu. Hiyo ndiyo bei.

Faida yake ni nini? Spika ya ubao wazi hutoa sauti kwa umbo la namba nane: nusu mbele, nusu nyuma. Ukikaa mbele yake unapata sauti kamili. Ukienda pembeni kwa nyuzi 60, inabaki nusu. Ukikaa pembeni kabisa, nyuzi 90, hupati karibu kitu. Kwa jumla, kwa msikilizaji anayepata sauti ile ile mbele yake, nguvu inayotawanywa chumbani ni theluthi moja tu ya ile ya spika inayotoa sauti pande zote sawa. Sasa fikiria vyumba vyetu: kuta za saruji, sakafu ya saruji, dari ngumu, pengine hata zulia hakuna. Chumba kama hicho hurudisha kila sauti mara nyingi, maneno yakachanganyika. Spika isiyozipigia kelele kuta za pembeni humpa msikilizaji neno lenyewe kabla ya mwangwi wake.

Sasa nije kwenye koaksiali. Hii ni spika mbili katika fremu moja: twita, itoayo sauti nyembamba, imewekwa katikati ya koni itoayo sauti nene. Wazo hili ni la zamani. Altec Lansing ya Marekani ilitengeneza spika zake za namna hii katika miaka ya 1940, na aina yake ya 604 ikatumika miaka mingi katika studio za kurekodi. Tannoy ya Uingereza ilitoa ya kwake mwaka 1947. Mwaka 1988 KEF, nayo ya Uingereza, ilitoa Uni-Q, ambayo twita yake imekaa shingoni mwa koni.

Kwa nini zikae pamoja? Tuseme twita iko sentimita 18 juu ya koni, na zinakabidhiana kazi kwenye hezi 2500. Wimbi la masafa hayo lina sentimita 13 na nusu tu. Msikilizaji akisimama, au akikaa chini mkekani, umbali wake kutoka twita na kutoka koni hautakuwa sawa. Tofauti ikifika sentimita 7 hivi, spika hizo mbili hupingana, na sehemu ya sauti hupotea. Mama aliye mkekani na mgeni aliye kitini hawasikii wimbo mmoja. Kwa koaksiali umbali ni mmoja kila upande. Sauti moja hutoka mahali pamoja, kama itokavyo kinywani mwa mtu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na vijana nawaomba mnisikilize vizuri. Ubao wazi na koaksiali hupatana sana katika sauti za kati na za juu. Katika besi hugombana.

Sababu ni hii. Spika iliyo ndani ya sanduku lililofungwa, ikitakiwa kutoa kiasi kile kile cha sauti kwa nusu ya masafa, koni yake hutakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Kwenye ubao wazi, kwa kuwa kuna ile sauti inayovunjwa, hutakiwa kwenda mara nane. Kama koni inatembea sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye hezi 200, kwenye hezi 100 itatembea milimita 0.8, na kwenye hezi 50 itatembea milimita 6.4. Spika nyingi haziwezi mwendo huo. Na kwa koaksiali ubaya ni mara mbili, kwa sababu koni ndiyo tarumbeta ya twita. Hebu fikiria mtu anapuliza tarumbeta huku mwenzake anaivuta na kuisukuma. Noti itakuwa safi namna gani?

Kwa hiyo hapana budi kugawa kazi. Koaksiali ipewe kuanzia hezi 200 hivi kwenda juu. Chini ya hapo ziwekwe wufa kubwa za peke yake, za inchi 12 au 15, ikiwezekana mbili kila upande. Kwenye karatasi ya maelezo ya wufa tafuta namba iitwayo Qts; kwa ubao wazi inafaa iwe 0.7 hivi au zaidi kidogo. Asiye na nafasi anaweza kuweka besi katika sanduku lililofungwa, na kuacha ubao wazi kwa sauti za juu yake. Hiyo si aibu.

Kwa atakayejaribu, nina maonyo machache. Usiweke spika katikati kabisa ya ubao wa mraba au wa duara, maana sauti zote za nyuma zitafika mbele kwa umbali mmoja na kuchimba shimo katika masafa fulani. Isogeze kando kidogo. Twita isiunganishwe kamwe bila kapasita. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 8 huanza kuzuia sauti nene kwenye hezi 2500 hivi. Spika za gari za koaksiali mnazoziona madukani zinafaa kujifunzia, lakini nyingi ni za omu 4, kwa hiyo angalia kwanza kama amplifaya yako inaruhusu. Ubao usimame mita moja hivi mbele ya ukuta. Uwe na miguu imara, mtoto asije akauangusha. Na nyuma fungeni kitambaa chepesi, maana mende na panya nao hupenda mahali palipo wazi.

Jaribio la kuanzia halina gharama kubwa. Shikeni spika tupu inayopiga muziki kwa sauti ya chini, besi haipo. Kisha ipachikeni kwenye tundu la plaiwudi kubwa mliyokwisha itoboa. Mtaisikia besi ikirudi mbele yenu. Halafu chukueni rula, mpime ubao, mpige ile hesabu ya mara sita. Hapo ndipo wimbi la kwenye ubao wa darasa litakapokuwa kitu cha kusikika.

Wanachama wenzangu, neno la mwisho ni kwenu. Tunapoichangia shule, mara nyingi huwaza kununua kitu kilichokwisha tengenezwa, kikakabidhiwa kwa picha, kisha kikaharibika pasiwe na mtu anayejua kilichomo ndani. Naomba safari hii tulete pia vitu vibichi: spika zilizolala nyumbani bila kazi, waya, kapasita, mabaki ya plaiwudi kutoka kwa mafundi wetu, na saa mbili za kukaa na vijana hawa mwisho wa juma. Watakosea vipimo na watatoboa mbao vibaya, kisha watapata. Atakayetengeneza spika moja kwa mikono yake hatadanganywa tena dukani kwa ukubwa wa sanduku na wingi wa taa.

Mwenye swali na alilete, kabla filimbi ya mpira haijalia.