Fulana Nyeusi Hutaka Msingi Mweupe

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita

 

Leo tutazungumza juu ya kazi ya kupiga chapa fulana. Baadhi yenu mmo katika vikundi vinavyotaka kuanza kazi hii. Wengine mmekwisha kuanza. Soko la fulana mnalifahamu. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, vikundi huvaa sare. Mei Mosi wafanyakazi huvaa sare. Kwaya, timu za mpira na shule hutaka fulana zenye picha na maneno. Mwaka 2021 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika hapa hapa Chato, tarehe 14 Oktoba. Siku kubwa kama hizo, mwenye fremu na wino hakosi kazi.

Pamba tunalima wenyewe. Je, tukiuza pamba, halafu tukanunua fulana, halafu tukalipa nauli kwenda mjini kupigiwa chapa maneno yetu, tumebakiwa na nini? Ndiyo maana kazi hii ni nzuri kijijini. Lakini ina mtego, na mtego wenyewe ni rangi. Kikundi kisipoujua, kitapoteza fedha siku moja tu.

KWA NINI RANGI HUPOTEA

Chukueni wino wa njano. Upakeni juu ya kitambaa cheupe. Mtaona njano safi. Sasa upakeni wino ule ule juu ya kitambaa cheusi. Mtaona nini? Mtaona rangi kama ya matope, au hamtaona kitu kabisa.

Wino haukuharibika. Sababu ni hii. Wino mwingi wa fulana hupitisha mwanga. Mwanga hupita ndani ya wino, hufika kwenye kitambaa, kisha hurudi machoni kwetu. Kitambaa cheupe huurudisha mwanga. Kitambaa cheusi huumeza. Mwanga ukimezwa, rangi nayo hupotea.

Jambo hili si geni kwenu. Nani hapa anaweza kupaka rangi nzuri juu ya ukuta wa jiko uliojaa moshi? Hakuna. Kwanza utapaka chokaa. Chokaa ikikauka, ndipo utapaka rangi unayoitaka. Fulana nyeusi ni kama ukuta wa jiko. Fulana ya bluu iliyoiva, nyekundu au ya kijani kibichi, nazo ni vivyo hivyo. Lazima zipigwe wino mweupe kwanza, kisha rangi nyingine zipande juu yake. Wino huo mweupe wa kwanza sisi tunauita msingi.

TUPIGE HESABU

Tuseme kikundi kimepata kazi ya fulana 40 nyeusi. Tuseme kila fulana imenunuliwa kwa shilingi 8,000. Hizo ni shilingi 320,000. Mteja atalipa shilingi 12,000 kwa kila fulana, yaani shilingi 480,000. Kikundi kinaona shilingi 160,000 za wino na faida.

Wakapiga chapa bila msingi. Jua la njano likawa matope. Mteja akakataa. Sasa faida hakuna, na zile shilingi 320,000 zimelala katika fulana ambazo hakuna anayezitaka. Wino ulioivishwa kwa moto hautoki kwa kufua.

Na fedha zenyewe pengine ni za mkopo. Mnajua kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Lakini kukosa riba hakuna maana kwamba haulipwi. Rangi ikipotea, deni halipotei.

KILA RANGI NA FREMU YAKE

Sasa basi, tuone namna ya kutayarisha mchoro.

Kina mama, itazameni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Tuseme ina rangi nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe. Rangi hizo hazimwagwi pamoja. Zamani kanga zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Baadaye viwanda vilitumia mashine, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kwa vibao au kwa mashine, kanuni ni moja: kila rangi ina chombo chake. Kinachopiga nyekundu hupiga nyekundu tu. Kinachopiga nyeusi hupiga nyeusi tu.

Lakini kanga nyingi hupigwa juu ya kitambaa cheupe. Weupe wa kitambaa chenyewe ndio msingi. Fulana nyeusi haina weupe huo, kwa hiyo msingi tunauweka sisi. Basi, msingi nao huhesabiwa kama rangi moja. Nao una fremu yake.

Fremu ni mbao nne zilizovutiwa kitambaa cha wavu. Wavu hupakwa dawa ya mwanga katika chumba chenye giza kidogo, ukaachwa ukauke. Kisha juu yake huwekwa karatasi inayopitisha mwanga, yenye mchoro mweusi. Fremu huwekwa kwenye mwanga mkali. Dawa iliyopigwa na mwanga huwa ngumu. Dawa iliyofichwa na mchoro mweusi hubaki laini, na maji huiondoa. Hapo wavu hufunguka, na wino hupita hapo hapo tu.

Mwanga unatakiwa kwa muda gani? Dawa hutofautiana. Someni maandishi ya chupa. Yakiwa kwa lugha msiyoijua, mwombeni mwalimu awasomee, myaandike kwa Kiswahili katika daftari la kikundi. Kujua kusoma kunafaa hapo.

Shikeni neno hili, maana wengi hulishangaa: mchoro wa kila rangi huchorwa kwa wino mweusi. Karatasi ya njano haichorwi kwa njano. Ile ya bluu haichorwi kwa bluu. Zote ni nyeusi tii, kwa sababu kazi ya mchoro ni kuzuia mwanga. Rangi yenyewe mtaitia siku ya kupiga chapa. Basi andikeni pembeni mwa kila karatasi jina la rangi yake, msije mkazichanganya.

MFANO: SAMAKI NA JUA

Tuchukue mfano wa hapa ziwani. Kikundi kinataka fulana nyeusi. Katikati liwepo jua la njano. Mbele ya jua awepo sato wa bluu mwenye jicho jeusi. Chini yaandikwe kwa nyeupe: Elimu Haina Mwisho. Hapo zinahitajika karatasi tatu.

Karatasi ya kwanza ni ya nyeupe. Itakuwa na jua, samaki na maneno, vyote pamoja. Chini ya jua ni msingi. Chini ya samaki ni msingi. Maneno ni meupe yenyewe, hayafunikwi na kitu. Jicho la samaki liachwe wazi.

Karatasi ya pili ni ya njano. Itakuwa na jua tu, na mahali pa samaki pawe wazi. Mkipasahau, bluu itapanda juu ya njano, na sato wenu atakuwa wa kijani.

Karatasi ya tatu ni ya bluu. Itakuwa na samaki tu, na jicho lake liachwe wazi.

Je, karatasi ya nyeusi iko wapi? Haipo. Fulana yenyewe ni nyeusi. Jicho tumeliacha wazi katika karatasi zote tatu, basi weusi wa fulana utachungulia wenyewe. Hapo mmeokoa fremu moja na wino wake.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

La kwanza, msingi uwe mdogo kidogo kuliko rangi inayoufunika. Kitambaa huvutika, na mkono hutikisika. Msingi ukilingana sawasawa na rangi, mstari mweupe utachungulia ukingoni, kama shumizi inayotokeza chini ya gauni. Punguzeni ukingo wa msingi kwa nusu milimita hivi. Tazameni rula ya shule: ni nusu ya ile nafasi ndogo kabisa. Penye tundu, kama lile jicho, tundu la msingi liwe kubwa kidogo. Lakini maneno meupe msiyapunguze, maana hayafunikwi. Tena epukeni mistari myembamba kuliko milimita moja juu ya msingi. Ukiipunguza huku na huku, hubaki na kitu gani?

La pili, rangi zinazogusana zipishane kidogo. Jua liingie chini ya ukingo wa samaki kwa nusu milimita hivi. Mkiacha zikutane bila kupishana, zitaachana njiani. Mmekwisha kuona kanga ambayo rangi zake hazikukutana, ua liko huku na kivuli chake kule. Hamkuinunua.

La tatu, alama. Wekeni alama ya msalaba juu, chini na pembeni mwa mchoro, mahali pale pale katika kila karatasi. Mkiziweka karatasi zote tatu pamoja na kuzielekeza kwenye mwanga, misalaba ilaliane kama mmoja tu. Isipolaliana, rekebisheni kabla ya kugusa dawa. Karatasi ni rahisi kuliko fremu, na fremu ni rahisi kuliko fulana 40. Siku ya kupiga chapa, zibeni misalaba kwa utepe isije ikatokea kwenye fulana.

KUPIGA CHAPA

Anzeni na nyeupe. Wino mweupe ni mzito, kwa hiyo hutaka wavu wenye matundu makubwa kidogo. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa kwa msingi. Rangi za juu zinaweza kutumia wavu wenye nyuzi nyingi zaidi, 55 au 61, ili wino usiwe mwingi mno.

Fulana ikishalazwa kwenye ubao isiondolewe mpaka rangi zote ziishe. Ukiiondoa, huwezi kuirudisha pale pale.

Msingi ukishapigwa, ukaushwe kabla ya rangi nyingine. Gusa kwa kidole. Kikitoka safi, endelea. Ukiwa bado mbichi, njano itachanganyika na nyeupe, na wino utang'ang'ania nyuma ya wavu. Wanaotumia wino wa plastiki wasiuivishe msingi kabisa, maana rangi ya juu itakataa kushika. Uivisheni wote kwa pamoja mwishoni. Wino huo huiva kwenye joto la digrii 160 hivi. Wanaotumia wino wa maji wanaweza kukausha kwa hewa, kisha kumaliza kwa pasi ya moto kama chupa inavyoeleza.

Baada ya nyeupe, pigeni njano. Kisha bluu. Rangi nyepesi hutangulia, rangi nzito hufuata.

Na fulana ya kwanza isiwe ya mteja. Pigeni kwanza kwenye kitambaa cheusi kikuukuu. Kifueni, mkitazame. Kikiwa kizuri, endeleeni na kazi.

KABLA YA KUPOKEA KAZI

Mteja akija atawaambia, "Nataka picha hii." Msimtajie bei upesi. Muulizeni kwanza: fulana ni ya rangi gani? Samaki na jua, bila maneno, juu ya fulana nyeupe ni fremu mbili. Picha ile ile juu ya fulana nyeusi ni fremu tatu. Kuna wino zaidi, kukausha zaidi, na saa zaidi. Asiyeeleza hilo mapema huishia kufanya kazi ya tatu kwa malipo ya mbili. Mteja akiona bei ni kubwa, mpeni njia nyingine: achague fulana nyeupe, au achague maneno meupe matupu juu ya nyeusi, ambayo ni fremu moja tu. Hapo wote mtaridhika.

Ndugu zetu, kazi hii haitaki maguvu. Inataka kupanga kabla ya kushika wino. Siku mbili za kuchora na kupima huokoa fulana 40. Mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Karatasi tatu, misalaba, milimita na bei ni kusoma, kuandika na kuhesabu huko huko. Vitumieni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wino wa njano hupotea juu ya fulana nyeusi?

2. Kwa nini karatasi zote huchorwa kwa wino mweusi?

3. Mteja anataka ua jekundu lenye jani la kijani juu ya fulana ya bluu iliyoiva. Fremu ni ngapi? Ni rangi gani itatangulia?

4. Kikundi chenu kikipata kazi ya fulana 40, mtatenga kiasi gani kwa majaribio kabla ya kugusa fulana za mteja?