Moyo Uliopimwa Kwenye Benchi



Majuzi nilikuwa katika delta ya Rufiji, ndani ya mtumbwi uliotoka Nyamisati. Maji yalikuwa yanakupwa nasi tunapanda juu, kwa hiyo kila pigo la kafi lilikuwa kazi. Mpiga kafi wetu, kijana ambaye hajafika miaka thelathini, alikuwa akisimama kila baada ya muda mfupi, akishika tawi la mkoko na kutweta. Nikamuuliza kama ameonana na mganga. "Nimekwenda, mzee wangu," akasema. "Wakanikalisha kwenye benchi, wakasikiliza kifua, wakasema moyo hauna neno."

Benchi hilo ndilo lililonikumbusha ndama wa Marekani.

Mwaka 1957 Willem Kolff na Tetsuzo Akutsu walimwekea mbwa moyo bandia mjini Cleveland, akaishi kama saa moja na nusu. Baadaye Kolff alihamia Chuo Kikuu cha Utah, na huko wakatumiwa ndama, kwa kuwa kifua chao kinatosha kupokea mtambo na wao wenyewe ni wapole. Mmoja, aliyepewa jina la mshairi wa Kiingereza Alfred Lord Tennyson (sijui mwenyewe mshairi angelipokeaje jambo hilo), aliishi siku 268.

Ndama wa namna hiyo akiwa zizini alikula, alilala na kunenepa. Ungemtazama hapo ungesema amepona. Wataalamu hawakuridhika. Walimpandisha juu ya mkanda unaozunguka, wakamtembeza papo hapo huku wakimpima damu na pumzi. Hapo ndipo siri ilipotoka.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kijana mwenye afya akifanya kazi nzito, moyo wake waweza kufikisha lita 20. Hupata habari kwa njia ya mishipa ya fahamu na kwa kemikali zinazopita katika damu, ukaongeza mwendo kabla miguu haijalalamika. Moyo bandia ule haukuwa na mishipa ya fahamu. Ulisukumwa na hewa kutoka mtambo uliokuwa nje ya mwili, kwa mwendo uliopangwa na fundi. Damu ikirudi kwa wingi uliweza kupokea zaidi kidogo, lakini si kwa kiasi kilichotakiwa. Basi misuli ya ndama ilikamua oksijeni zaidi kutoka katika damu ile ile. Ilipokwisha, asidi ikaongezeka, damu ikarundikana nyuma ya moyo, mnyama akachoka. Tena ndama hukua upesi, na mtambo haukui.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mioyo mingi ya vijana wa Afrika Mashariki huharibika vali kutokana na ugonjwa unaoanzia kooni utotoni. Moyo kama huo waweza kutosheleza benchi na usitosheleze kafi. Usikivu wa mganga ni lazima, nao peke yake hautoshi.

Wala hatuhitaji mkanda wa Utah. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote: mgonjwa hutembea kwenda na kurudi mahali tambarare penye urefu wa mita 30, kwa dakika 6, kadiri awezavyo. Akichoka hupumzika, saa inaendelea. Kisha huhesabiwa mita. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupita 400. Mgonjwa wa moyo asiyefikisha 300 si wa kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Mwenye maumivu ya kifua wakati huo asitembezwe. Kinachotakiwa ni saa, kamba ya kupimia na ua uliofagiliwa. Kibiti vyote vipo.

Nasema hivi kwa sababu ya safari. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji ambao zamani ulimpeleka mtu India hufanyika Dar es Salaam. Lakini mtu wa delta hupanda mtumbwi, kisha gari, na nauli yake ni mavuno ya kamba. Barua yake ikiandikwa "anachoka," atakaa foleni. Ikiandikwa "mita 210, alisimama mara tatu," daktari atainua macho.

Nilimwambia kijana arudi zahanati, na safari hii aombe atembezwe. Tulifika jua likizama. Nauli yangu aliipokea akiwa ameketi.