Gari Lililosanifiwa Kuanzia Ndani

Neno usanifu humfanya mtu afikirie sura ya kitu: rangi yake, mikunjo yake, namna kinavyopendeza machoni. Mjini Birmingham, katika kiwanda cha magari cha Longbridge, alikuwako mtu aliyeanzia mahali pengine kabisa. Huyo ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, ambayo leo ni Izmir nchini Uturuki, aliyewasili Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920 akiwa kijana mkimbizi. Katika masomo ya uhandisi alishindwa mtihani wa hisabati mara tatu. Penseli, hata hivyo, haikumtoka mkononi.

Mwaka 1956 Misri iliutaifisha Mfereji wa Suez, vita vikazuka, na kabla ya mwaka kwisha petroli ikawa ya mgao nchini Uingereza. Wananchi wakavikimbilia vigari vya Kijerumani vyenye umbo la yai. Leonard Lord, mkuu wa shirika la British Motor Corporation, alichukizwa navyo. Akamwagiza Issigonis abuni gari dogo lakini lililo gari kamili, kwa sharti kwamba atumie injini ambayo shirika lilikuwa nayo tayari.

Mtu mwingine angalilichukua gari kubwa akalipunguza kila upande, na abiria wangalipunguziwa nafasi pamoja na bati. Issigonis alitanguliza kile kisichopungua. Watu wazima wanne hawafupiki kwa sababu petroli imeadimika. Basi gari likawa na urefu wa futi 10, yaani mita 3 na kidogo, na asilimia 80 ya nafasi hiyo ikatengwa kwa watu na mizigo yao. Mitambo ikagawana kilichosalia. Injini, ambayo katika magari mengi ya wakati huo ililala kutoka mbele kwenda nyuma, ikakingamishwa. Gia zikawekwa chini yake, zikishiriki mafuta yale yale. Magurudumu yakawa ya inchi 10 tu, na badala ya springi za chuma zikatumika koni za mpira alizobuni Alex Moulton. Issigonis alichora kwa mkono mtupu. Jack Daniels, msaidizi wake, akaigeuza michoro hiyo kuwa vipimo vya kiwandani.

Mini ilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959. Mvua ziliponyesha, maji yakapenya sakafuni, kwani bati zilikuwa zimeungwa kwa kupandana kinyume. Distributa nayo, iliyoelekea mbele penye matundu ya hewa, ililowa na injini kuzimika. Kasoro hizo zilirekebishwa. Iliyokuwa ngumu kurekebisha ni tabia ya msanifu mwenyewe, aliyepima haja za watu wote kwa haja zake. Alivuta sigara, basi gari likawa na kisahani cha majivu. Redio hakuitaka garini, jambo ambalo watangazaji hawatamsamehe upesi. Safari hiyo haja zake zilioana na za wanunuzi. Gari la Austin Maxi la mwaka 1969 halikupata bahati hiyo.

Issigonis alifariki dunia Birmingham mwaka 1988. Mini yake iliendelea kuundwa Longbridge hadi Oktoba 2000, jumla zaidi ya milioni 5, ingawa bei ya awali, chini kidogo ya pauni 500, inasadikiwa na wengi kuwa iliacha faida haba mno. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover, iliyokuwa ikikiendesha kiwanda hicho, ilifilisika, na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi.

Fundi anayefunua boneti ya Toyota Vitz huko Nairobi au Dar es Salaam huikuta injini imekingama vivyo hivyo. Gia tu ndizo zilizohama: haziko tena chini ya injini bali ubavuni mwake, kama Dante Giacosa wa Italia alivyozipanga katika gari la Autobianchi Primula mwaka 1964.