RELI YA BURMA NA VIBARUA WASIOANDIKWA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu usiku ule.



Tumeombwa tuseme habari za Wajapani walipotawala nchi za Asia wakati wa vita, na jinsi raia walivyoteseka. Habari hizo ni nyingi na saa tuliyopewa ni moja. Kwa hivyo sisi wa reli tutafuata njia tunayoifahamu, yaani njia ya reli.

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa. Malaya na Burma zilikuwa chini ya Waingereza, na Java na Sumatra zilikuwa chini ya Waholanzi. Mwezi wa Desemba 1941 majeshi ya Japani yalianza kushuka kusini. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Mwezi wa Machi Rangoon ilitwaliwa, na mwezi ule ule Waholanzi wakasalimu amri katika Java. Wajapani walitangaza kwamba Asia ni ya Waasia, nao wamekuja kuwakomboa ndugu zao. Watu wengi walifurahi, wala tusiwacheke. Mtu aliyebeba mzigo wa bwana mmoja miaka mingi, akisikia mwingine akisema, "Nitakutua," hana budi kuinua kichwa asikilize. Lakini mzigo haukutuliwa. Ulihamishwa kutoka bega hili kwenda bega lile, na njiani ukaongezwa.

Sasa tuje kwenye reli. Jeshi la Japani katika Burma lilitaka chakula na risasi, na njia ya bahari ilikuwa ya hatari. Wakaamua kujenga reli kutoka Nong Pladuk katika Thailand mpaka Thanbyuzayat katika Burma, kilomita 415, kupita milima na misitu yenye homa. Upana wake ulikuwa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani kutoka Mombasa. Kazi ilianza katikati ya 1942, na tarehe 17 Oktoba 1943 ncha mbili zikakutana mahali paitwapo Konkoita. Kila mmoja wetu aliyepata kubeba taruma au kuchonga mwamba ajua maana ya hesabu hiyo. Mashine zilikuwa chache sana. Kazi ilifanywa kwa jembe, kikapu, nyundo, baruti na tembo. Vyuma vingine viling'olewa katika reli ya mashariki ya Malaya vikaja kulazwa huko.

Ni nani waliojenga? Wako wafungwa wa vita zaidi ya 60,000: Waingereza, Waaustralia, Waholanzi na Wamarekani. Zaidi ya 12,000 kati yao walikufa. Hao wanajulikana, vitabu vimeandikwa na senema zimetengenezwa. Lakini wengi zaidi walikuwa vibarua wa Asia: Watamil wa mashamba ya mpira ya Malaya, Waburma, Wajava, na wengineo. Wanakadiriwa kuwa 180,000 au zaidi, na waliokufa wanakadiriwa kufika 90,000. Ndugu, angalieni neno hilo, wanakadiriwa. Mfungwa huhesabiwa mmoja mmoja. Kibarua alikisiwa kama magunia ya mahindi.

Walipatikanaje? Mwanzoni kwa maneno matamu. Katika Malaya waliambiwa kazi ni ya miezi mitatu, mshahara upo, chakula kipo, na dawa zipo. Bei ya mpira ilikuwa imekufa kwa sababu ya vita na njaa imeingia mashambani, basi watu wakaenda, wengine na wake zao na watoto. Miezi mitatu ikapita na hakuna aliyerudishwa. Habari zilipofika nyumbani watu wakakataa kwenda, ndipo ikatumika nguvu. Watu walikamatwa njiani na mashambani wakatiwa katika mabehewa ya mizigo. Katika Burma kila wilaya iliagizwa kutoa watu wake, na wakubwa wa vijiji wakawa ndio wakusanyaji.

Mwaka 1943 amri ilikuja kwamba kazi iharakishwe, na masika ya mwaka huo yakaleta kipindupindu. Hapa ndipo tunapotaka wanachama wasikilize vizuri. Mfungwa na kibarua walipigwa na wasimamizi wale wale, wakala wali mchache ule ule, wakanyeshewa na mvua ile ile. Lakini katika wafungwa alikufa kama mmoja katika watano, na katika vibarua karibu nusu. Kwa nini? Wafungwa walikuwa na maofisa wao waliowasemea, ijapokuwa mara nyingi walipigwa kwa kusema. Walikuwa na madaktari wao. Walipatana kuchemsha maji, kuchimba vyoo mbali, kutunza wagonjwa kwa zamu, na kuandika jina la kila aliyekufa. Vibarua walitupwa msituni bila daktari, bila msemaji, lugha hii hapa na lugha ile pale. Hakuna aliyewaambia maji ya mto yana mauti. Mgonjwa aliachwa kibandani, na aliyeweza kukimbia alikimbilia msituni akafa huko. Hawakuwa wadhaifu kuliko wale wengine. Walikosa umoja wenye utaratibu, nao walikosa kwa sababu walinyimwa.

Mambo haya hayakuwa ya reli moja tu. Katika Java vibarua kama hao waliitwa romusha, na hesabu yao ilifika mamilioni. Wengi walifanya kazi karibu na kwao, lakini malaki walivushwa bahari, na wengi wao hawakurudi. Katika Sumatra walijengeshwa reli ya Pekanbaru, kama kilomita 220, wakafa maelfu kwa maelfu. Reli hiyo ilimalizika tarehe 15 Agosti 1945, siku ile ile Japani iliposalimu amri. Haikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa. Na waliobaki nyumbani, akina mama, wazee na watoto, walinyang'anywa mchele, wakaishi kwa muhogo, na fedha za karatasi za Wajapani zikawa hazinunui kitu.

Vita vilipokwisha ikaja zamu ya hesabu. Pale Kanchanaburi katika Thailand yako makaburi karibu 7,000 ya askari waliokuwa wafungwa, yamepangwa safi na kutunzwa. Mwaka 1990, katika mji huo huo, mifupa ya mamia ya watu ilifukuliwa shambani, haina majina. Mwaka 1946 sehemu ya reli iliyokuwa Thailand iliuzwa kwa serikali ya nchi hiyo kwa pauni 1,250,000. Mkataba wa San Francisco wa 1951, kifungu cha 16, ulitoa fidia kwa askari waliokuwa wafungwa. Kibarua hakutajwa katika kifungu hicho. Chuma kilipata bei yake, lakini mtu aliyekibeba hakupata.

Mwenzetu mmoja ameuliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Babu zetu wa KAR walipigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, na jeshi walilopigana nalo ndilo lililoletewa chakula na reli hiyo. Tena sisi tunao Kariokor hapa Nairobi, jina lililobaki la wapagazi wa vita vya 1914. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu zaidi ya laki moja wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Basi tukisikia habari za Mtamil wa Malaya, tusidhani ni mtu wa mbali.

Kwa hivyo, ndugu, tawi letu linaomba mambo matatu. Kwanza, kila kibarua wa mkataba anayeingia katika gengi lenu, hata wa wiki mbili, jina lake liandikwe katika kitabu cha chama pamoja na jina la kwao. Pili, mtu akikwambia kazi ni ya miezi mitatu, iwe hapa nchini au ng'ambo, mwulize karatasi iko wapi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Tatu, akifa au akiumia mtu kazini, msingoje ofisi. Andikeni siku, saa, mahali na mashahidi, mlete kwa katibu.

Kalamu haizuii kipindupindu. Lakini mtu aliyeandikwa, watu wake wajua pa kumwulizia, na anayemwajiri ajua kwamba ataulizwa. Wale wa Burma hawakuwa na wa kuwauliza.